Vinanda vya Baada ya Kazi Katika Bonde la Usangu

Katika mji wa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, mtunzi wa muziki ni mtu mwenye kazi nyingine. Mchana ni mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati, bwana shamba, fundi cherehani au mkulima wa mpunga. Jioni huketi nyuma ya kinanda cha kanisa na kutunga. Kupiga kinanda amejifundisha mwenyewe, kibonye kwa kibonye, mara nyingi akiwa na chombo ambacho si mali yake. Hali hiyo ni ya Rujewa, na ni ya Chimala na Igurusi pia, ni ya Makambako, Mafinga na Iringa. Sehemu kubwa ya muziki wa kwaya unaosikika Nyanda za Juu Kusini imetoka kwa watu wa namna hii, na wanaowaona kama wababaishaji waliokosa shule hawajausikiliza muziki huo vya kutosha.

Kinanda kilifika nyanda hizi pamoja na misheni. Wamoravian walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo Walutheri wa Misheni ya Berlin wakafika katika nchi ya Wanyakyusa. Upande wa Iringa, misheni ya Kikatoliki ya Tosamaganga ilianzishwa kabla karne ya 19 haijaisha. Kilichobebwa kwa wingi hakikuwa piano. Piano ina nyuzi zaidi ya 200 za chuma zilizokazwa kwa nguvu inayofikia tani nyingi, na mbao zake hujikunja na kunyooka kadiri hewa inavyobadilika kati ya masika na kiangazi. Bila fundi wa kuilinganisha, baada ya misimu michache hulia kwa sauti zilizopotoka. Harmoniamu, yaani kinanda cha kukanyaga kwa miguu, hutoa sauti kwa upepo unaopita katika ndimi ndogo za chuma, na ndimi hizo hushika sauti yake kwa miaka. Kiliweza kufungwa mzigoni, kikapelekwa kanisani Jumapili na shuleni Jumatatu. Aliyekipiga kwa kawaida alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, maana ndiye aliyejua kusoma na ndiye aliyeongoza watoto kuimba. Kwa hiyo tangu mwanzo, katika eneo hili, upigaji wa kinanda uliambatana na mshahara uliotoka kwenye kazi nyingine.

Pamoja na kinanda ilikuja sofa, ile namna ya kuandika muziki kwa herufi za do, re, mi, fa, so, la, ti. Asili yake ni Uingereza: Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, aliibuni mwanzoni mwa karne ya 19, na mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza kuanzia miaka ya 1840 ili watu wa kawaida, wasio na fedha za kununua chombo wala kumlipa mwalimu, waweze kuimba kwa kusoma. Wamisionari waliipeleka kusini mwa Afrika, na huko ikazaa matunda ambayo kila Mtanzania anayajua bila kujua yametoka wapi. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, kiongozi wa kwaya na mpiga picha, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake ndiyo sauti ya wimbo wa taifa wa Tanzania tangu uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Alifariki mwaka 1905 akiwa bado kijana. Nyimbo zake alikuwa akiziandika kwa mkono katika daftari, na nyingi zimepotea. Mtu huyu, mwalimu mchana na mtunzi jioni, ndiye anayesimamisha bunge na viwanja vya mpira hadi leo.

Sofa ina sifa moja iliyomtengeneza mtunzi wa Usangu kuliko kitu kingine chochote. Do haikai mahali pamoja. Juu ya karatasi huandikwa tu kwamba Do ni G, au Do ni F, na kuanzia hapo mahusiano ya sauti hubaki yale yale. Mwimbaji wa kwaya akikaa miaka mitatu katika safu ya tenori au bezi, akisoma karatasi zenye sauti nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, huwa amejifunza upatanishi wa sauti bila kufungua kitabu cha nadharia. Anajua kwa sikio kwamba bezi ikisimama kwenye so na soprano kwenye ti, wimbo unataka kurudi nyumbani kwenye do. Siku anapokaa kwenye kinanda kwa mara ya kwanza, kichwa tayari kina muziki mwingi ambao vidole havijaujua.

Hapo ndipo njia yake inapotofautiana na ya watunzi wengi waliojifundisha katika nchi nyingine. Mfano unaotajwa sana ni wa Irving Berlin wa Marekani, aliyeanza kama mhudumu mwimbaji katika mgahawa wa New York na kuishia kuwa mmoja wa watunzi mashuhuri wa karne ya 20. Berlin alijifundisha piano na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alipiga kwenye vibonye vyeusi, katika ufunguo mmoja tu. Alikuwa na piano maalumu yenye wenzo uliosogeza mitambo ya ndani, ili vidole vibaki pale pale huku sauti ikipanda au kushuka. Kuandika nota hakuweza, akamwajiri mtu wa kumwandikia. Mtunzi wa Rujewa huanza na maandishi, vidole vikafuata baadaye. Lakini wenzo wa Berlin naye anao: vinanda vya umeme vya Yamaha na Casio, ambavyo vimechukua nafasi ya harmoniamu karibu kila mahali, vina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Mpigaji hujifunza kupiga wimbo ukianzia C, hubonyeza kitufe hicho mara mbili, na wimbo unatoka katika D. Kwa mtu aliyelelewa na sofa, jambo hilo halina ajabu yoyote, kwani Do yake imekuwa ikihama siku zote.

Wapo walimu wa muziki wanaokichukia kitufe hicho na kukiita ulemavu. Wana hoja. Anayekitegemea hawezi kupiga piano halisi isiyo na kitufe, na akibadilisha ufunguo katikati ya wimbo hupotea. Hata hivyo hoja hiyo inasahau muda. Mtu mwenye saa moja ya mazoezi kwa siku, na siku nyingine hana kabisa, akianza na skeli zote 12 atakata tamaa kabla hajapiga wimbo mmoja kanisani. Kitufe kinamwingiza kwenye ibada ndani ya miezi michache, na ibada ndiyo shule yake. Wenye kiu huja kujifunza funguo nyingine baadaye, hasa F, G na B bemoli, ambazo ndizo zinazofaa koo za waimbaji wengi.

Namna ya kujifundisha yenyewe ina mfuatano unaojirudia. Mkono wa kulia hutafuta sauti ya soprano ya wimbo unaojulikana. Mkono wa kushoto huanza na noti moja ya bezi, kisha hujifunza mafungu matatu yanayobeba nyimbo nyingi: do-mi-so, fa-la-do na so-ti-re. Fungu la la-do-mi huingia pale mtu anapogundua kwamba nyimbo za Kwaresima zinahitaji kivuli. Kinachochelewa ni vidole. Bila mtu wa kumwelekeza, mwanafunzi hatumii dole gumba. Hulining'iniza nje ya vibonye na kurukaruka kwa vidole vitatu, ilhali siri ya kukimbia juu ya kinanda ni kulipitisha dole gumba chini ya vidole vingine. Kasoro ya pili ni mapigo. Kinanda cha umeme kina midundo iliyotengenezwa tayari, na anayejifunza kwa kuiegemea hushindwa kushika mwendo ikizimwa. Kasoro ya tatu inatokana na chombo: vinanda vingi vya makanisani vina vibonye 61, oktava 5, wakati piano ina 88. Mtunzi hujikuta akiandika muziki uliobanwa katikati, bila kujua kilindi cha bezi wala vilele vya juu, kwa sababu chini ya kidole chake havipo.

Dhidi ya kasoro hizo ipo dawa moja isiyopatikana kwa mpiga piano anayejifunza peke yake chumbani. Kwaya inamsikia. Akikosea, waimbaji 30 wanayumba pamoja naye, na safu ya alto itamwambia papo hapo. Mtunzi aliyeandika sauti ya tenori isiyoimbika ataiona ikivunjika Jumatano jioni kwenye mazoezi, ataifuta na kuiandika upya kabla ya Jumapili. Wanafunzi wa vyuo vikubwa vya muziki duniani hungoja miezi kusikia kazi yao ikiimbwa. Mtunzi wa kwaya ya parokia au usharika husubiri siku tatu.

Kazi ya mchana ndiyo inayoamua mwaka wa muziki, na katika Usangu kazi hiyo, kwa njia moja au nyingine, ni mpunga. Hata mwalimu na muuguzi wana majaruba. Vitalu huandaliwa Novemba na Desemba mvua zinapoanza, na upandikizaji hupamba moto Januari na Februari. Kwelea kwelea huvamia mashuke yanapoanza kukomaa, na familia nzima huenda kuamia ndege kuanzia alfajiri. Mavuno huanza Mei na kuendelea hadi Julai. Ukiilinganisha kalenda hiyo na ya kanisa, shida inaonekana wazi. Krismasi inaangukia kwenye maandalizi ya mashamba, na Pasaka, ambayo daima huwa kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, inaikuta mipunga ikiwa bado mashambani. Sikukuu mbili zinazohitaji nyimbo mpya na mazoezi mengi zinakuja wakati waimbaji wamechoka na mtunzi mwenyewe amesimama kwenye tope hadi magotini.

Ndiyo sababu watunzi wenye uzoefu hutunga nyimbo za Krismasi mwezi wa Agosti. Baada ya mavuno usiku unakuwa mrefu na wa baridi kidogo, fedha ipo, na kwaya hukusanyika kwa wingi. Ni msimu huo pia ambapo harusi, matamasha, uzinduzi wa albamu na ziara za kwaya hufanyika, na baadhi ya kwaya hununua kinanda kipya kwa michango ya mpunga. Vumbi la Usangu nalo lina msimu wake: wakati wa kiangazi huingia chini ya vibonye na kuziba sehemu za mguso, hadi baadhi ya noti zinakuwa bubu. Mpigaji anayejali hukifunika kinanda kwa kitenge kila akimaliza.

Muda mfupi umeamua hata umbo la nyimbo. Katika liturujia ya Kikatoliki masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C, na kila Jumapili ina zaburi yake ya wimbo wa katikati: kiitikio kifupi cha watu wote, kisha mashairi ya mwimbaji mmoja au wachache. Kiitikio cha vipimo 8 kinaweza kukamilika kichwani mtu akiwa njiani kwenda kazini. Maneno tayari yapo, siku ya kuimbwa inajulikana, na kazi ina ukomo. Kwa mtu mwenye ajira hakuna umbo la muziki lililo bora kuliko hilo, na haishangazi kwamba wapo watunzi wa Tanzania ambao wameandika zaburi kwa mamia ilhali hawana kazi hata moja ndefu ya piano peke yake. Zamani sauti iliyozuka njiani ilibidi irudiwe-rudiwe mdomoni hadi ipatikane karatasi. Sasa hurekodiwa kwenye simu kwa mluzi, na usiku huhamishiwa kwenye kaunta buku. Herufi hupangwa, nukta pacha hutenganisha mapigo, mistari ya wima hufunga vipimo. Wenye kompyuta huandika kwa programu kama MuseScore, ambayo hailipiwi, na hazina ya intaneti iitwayo Swahili Music Notes imekusanya maelfu ya nyimbo ambazo zamani zilisafiri kwa fotokopi iliyofifia.

Ajira ya serikali huleta jambo jingine: uhamisho. Mwalimu anayehamishwa kutoka Rujewa kwenda Njombe huacha kwaya bila mpigaji, wakati mwingine kwa miaka. Huko aendako huondoka na kaunta buku lake, na nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya waimbaji wa Usangu huanza kuimbwa mahali pengine. Mtandao wa nyimbo za kwaya nchini umejengwa kwa barua za uhamisho kama ulivyojengwa na redio, na Radio Maria Tanzania, iliyoanzia Songea mwaka 1996, iliukuta mtandao huo ukiwa tayari unafanya kazi.

Wapo waliopata kazi iliyokaribiana na muziki. Padri Stephen Mbunga, mtoto wa nyanda za kusini, alitunga Misa Baba Yetu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1963 akachapisha utafiti juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatoa hati ya liturujia iliyotaka muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe katika ibada. Bernard Kyamanywa, mchungaji wa Kilutheri kutoka Kagera, aliandika Mfurahini Haleluya mwaka 1966, wimbo ambao sasa umo katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya mabara mengine. John Mgandu alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huku nyimbo zake zikiimbwa na kwaya za Katoliki nchi nzima, na nchini Kenya Arthur Kemoli alikuwa mhadhiri wa fasihi na wakati huo huo mtunzi na mpangaji mkubwa wa nyimbo za kwaya. Hawa kazi yao iliwapa maktaba, wanafunzi na muda. Bwana shamba wa Mbarali hana hayo, na ni haki kumpima kwa alichokifanya akiwa na alichonacho.

Muziki wa dansi ulijaribu suluhisho tofauti: mwajiri amiliki bendi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi na wanamuziki wake walilipwa mshahara. Iringa yenyewe ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi, iliyotamba miaka ya 1980 ikiwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mpango huo ulimtoa mwanamuziki kwenye wasiwasi wa chakula na vyombo, ukazaa muziki mzuri mno. Ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, kwamba shirika likiyumba bendi nayo ilianguka. Kwaya haikuwahi kuwa na mwajiri, na kwa sababu hiyo haikumfuata yeyote kaburini.

Duniani kwingine waliotunga baada ya kazi wameacha ushahidi wa faida na gharama. Alexander Borodin wa Urusi alikuwa daktari na profesa wa kemia huko St. Petersburg, aliianza opera yake Prince Igor mwaka 1869 na kufariki mwaka 1887 bila kuimaliza, ikabidi watunzi wenzake Rimsky-Korsakov na Glazunov waikamilishe. Muda wake mzuri wa kutunga ulikuwa likizo, au alipougua akashindwa kwenda kufundisha. Charles Ives wa Marekani alipiga kinanda cha kanisa ujanani, kisha akajenga kampuni ya bima. Mshahara ulimpa uhuru wa kuandika asichoweza kukiuza, na Simfoni yake ya Tatu, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 20, haikupigwa hadharani hadi mwaka 1946. Mwaka uliofuata ikampatia tuzo ya Pulitzer. Somo la Borodin linawahusu zaidi watunzi wa Usangu: kazi kubwa isiyo na tarehe ya mwisho ndiyo inayokufa kwanza mtu anapokuwa na ajira.

Shule za muziki zipo, lakini mbali. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira karibu na Arusha kinafundisha muziki kwa shahada. Ruhija, Kagera, Walutheri wamekuwa wakiwafundisha walimu wa kwaya. Kwa mkazi wa Rujewa kila kimoja ni safari ya mamia ya kilomita na likizo isiyo na malipo. Video za mafunzo kwenye simu zimesaidia vidole kuliko kitu chochote kilichotangulia, na kijana wa leo hutumia dole gumba vizuri kuliko mwalimu wake. Kinachobaki kuhitajika ni semina fupi za siku tatu au nne, zikifanyika Agosti, mpigaji mwenye ujuzi akija Mbarali badala ya watu 20 kumfuata Dar es Salaam.

Fedha ni kidogo na si mahali pa kuanzia kueleza kwa nini watu hawa wanatunga. Hata hivyo haki ipo kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, ndiyo iliyopewa jukumu la kusimamia. Wimbo wa kwaya hupata ulinzi huo ukishatungwa, awe mtunzi ana cheti cha muziki au hana. Tatizo liko kwenye jina. Kwaya inaporekodi, jalada hubeba jina la kwaya. Kituo cha redio kinapoupiga wimbo, mtangazaji hutaja kwaya na parokia, na mtunzi hapati hata sekunde. Karatasi ikinakiliwa mara ya nne, jina lililokuwa juu kulia limekatwa na mashine. Baadhi ya watunzi sasa huandika majina yao chini ya kichwa cha wimbo, katikati ya ukurasa, pamoja na tarehe na mahali, ambapo fotokopi haiwezi kuyakata bila kuukata wimbo wenyewe. Vituo vya redio navyo vinaweza kumtaja mtunzi kila wimbo wake unapopigwa, na jambo hilo halihitaji bajeti wala sheria mpya.